M (1931) ya Fritz Lang: kesi inayopelelezwa kwa masikio

Mtaa wa Pili (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna hoja inarudi kila tunapozungumzia sinema za zamani: kwamba filamu za kwanza za sauti zilikuwa maigizo ya jukwaani yaliyopigwa picha tu, watu wamesimama wanaongea na kamera imeganda. Kwa mwaka 1928 na 1929 hoja hiyo ina ukweli mwingi. Lakini ikigeuzwa kuwa ndiyo habari yote ya kipindi kile, inawanyima watu kazi nzuri mno. Leo nataka tuipitie moja kwa utulivu: M, iliyoongozwa na Fritz Lang na kuonyeshwa mara ya kwanza Berlin tarehe 11 Mei 1931. Nitaisimulia mpaka mwisho, kwa hiyo anayetaka kuiona kwanza aishie hapa, atatukuta.

Tuanze na hali ya wakati ule. The Jazz Singer ilitoka Marekani Oktoba 1927, na sehemu kubwa yake bado ilikuwa bubu: maneno yanasomwa kwenye kadi, sauti inaingia kwenye nyimbo na vipande vichache vya maongezi. Mwaka uliofuata kampuni ya Warner ikatoa Lights of New York, yenye maongezi mwanzo hadi mwisho. Shida ikaanzia hapo. Kamera zilikuwa zinanguruma na maikrofoni inadaka kila kitu, basi kamera ikafungiwa kwenye kibanda pamoja na mpigapicha wake, akawa anapiga picha kupitia kioo. Maikrofoni ilifichwa mahali pamoja, na mwigizaji akisogea mbali nayo sauti yake inapotea. Kamera iliyokuwa imeshajifunza kutembea na kupaa ikarudi kukaa kitako.

Wapo waliokataa mapema. Warusi watatu, Eisenstein, Pudovkin na Alexandrov, walitoa tamko mwaka 1928 wakionya kwamba sauti ikitumika kurudia kile ambacho picha imeshasema, itaua sanaa ya uhariri, yaani kukata na kuunganisha picha. Walitaka sauti na picha zipishane. Rouben Mamoulian, kwenye Applause ya 1929, alisisitiza maikrofoni mbili katika sini moja ili mama aimbe wimbo wa kubembeleza huku bintiye ananong'ona sala, na sisi tusikie vyote viwili. Mwaka huohuo, Uingereza, Hitchcock alitengeneza Blackmail, ambayo ilianza kama filamu bubu ikageuzwa katikati ya kazi. Binti ameua mtu usiku kwa kisu. Asubuhi mezani jirani anabwabwaja kuhusu mauaji hayo, na maneno yake yanafifia hadi kuwa mvumo, isipokuwa neno moja, kisu, ambalo kila likija linakuja wazi kabisa. Tunasikia kwa masikio ya binti mwenyewe.

Lang aliingia kwenye sauti akiwa na miaka 40 na jina kubwa tayari. Metropolis, ile filamu bubu maarufu, ilikuwa yake. M ndiyo filamu yake ya kwanza ya sauti, na muswada aliuandika na mkewe, Thea von Harbou.

Sasa sini ya kwanza. Skrini nyeusi. Kabla hujaona chochote unasikia mtoto anaimba wimbo wa kutoana mchezoni: ngoja kidogo tu, zimwi linakuja na kishoka chake. Picha inafunguka kutoka juu, uani mwa jengo la wapangaji, watoto wamesimama duara na msichana yuko katikati anawahesabu kwa kidole. Mwanamke aliyebeba nguo anawakemea waache wimbo huo. Wananyamaza, akiondoka wanauanza upya. Anapanda ngazi hadi kwa Mama Beckmann, ambaye kazi yake ni kufua nguo za watu, na kumlalamikia kuhusu watoto na wimbo wao wa muuaji. Mama Beckmann anamjibu, kwa maana hii: maadamu tunawasikia wanaimba, angalau tunajua bado wapo.

Naomba jibu hilo mlishike, kwa sababu kwa maoni yangu filamu nzima imejengwa juu yake. Anayesikika yupo. Asiyesikika, mtafute.

Saa ya ukutani inalia saa sita mchana na kengele za kanisa zinaitikia. Mama anatabasamu, anajua shule imetoka. Anapanga meza. Huku barabarani binti yake Elsie anadundisha mpira, anaurusha kwenye nguzo ya matangazo, na kwenye nguzo hiyo kuna bango la polisi: mark 10,000 kwa atakayesaidia kumkamata muuaji wa watoto. Kivuli cha mwanamume mwenye kofia kinaangukia bango lenyewe. Sauti ya upole inasema mpira wako mzuri kweli, unaitwa nani? Uso hatuoneshwi. Tunachopewa ni kivuli, sauti, kisha mluzi wakati anamnunulia mtoto puto kwa mchuuzi kipofu.

Nyumbani zinasikika nyayo kwenye ngazi. Mama anakimbilia mlango; ni watoto wengine. Kengele ya mlango inalia. Ni muuza hadithi za mfululizo. Saa inaonyesha saa saba na robo. Anainama kwenye ngazi na kuita: Elsie! Na hapa Lang anafanya jambo ambalo filamu bubu isingeliweza na filamu nyingi za maongezi za wakati ule hazikulifikiria. Sauti ya mama inaendelea kuita, lakini picha inatuonyesha mahali asipokuwepo mtu. Ngazi tupu zikionekana kutoka juu. Dari lenye nguo zilizoanikwa. Sahani na kijiko mezani, kiti kitupu. Kila picha, mwito mmoja, na kila mwito uko mbali kidogo kuliko uliotangulia. Kisha mwito unakoma. Mpira unabingirika kutoka kichakani na kusimama. Puto limenasa kwenye nyaya za simu, linatikisika, upepo unalichukua.

Hakuna kisu, hakuna kilio, hakuna damu. Mtazamaji ameelewa kila kitu, na ameelewa kwa kuhesabu vitu vilivyonyamaza.

Naendelea kesho na jinsi sauti inavyozunguka mji mzima. Karibuni kwa maswali.

Nyanza Juu

Mkuu, uzi wa maana sana. Swali: umesema habari za mluzi na kengele, ila muziki hujautaja. Niliiona M zamani kwa vipande na nakumbuka kama kuna sehemu hazina sauti kabisa, nikadhani nakala ni mbovu. Ni ukosefu wa vifaa au ndivyo alivyotaka?

Mtaa wa Pili

Swali zuri, ndugu. Nakala haikuwa mbovu. M haina muziki wa chinichini hata sekunde moja, na kuna shoti kadhaa ambazo hazina sauti yoyote, hata ya mtaa: polisi wanajipanga usiku na husikii nyayo, mara filimbi inapasua kimya. Mara ya kwanza inakushtua.

Vifaa vilikuwa na sehemu yake. Mwaka 1931 kuchanganya sauti nyingi pamoja ilikuwa kazi ngumu, na kurekodi kulikuwa na gharama. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumemdhulumu Lang. Ujerumani ileile, mwaka mmoja kabla, Josef von Sternberg alitoa The Blue Angel iliyojaa nyimbo za Marlene Dietrich. Muziki uliwezekana. Lang aliuacha, na kwa kuuacha akaufanya wimbo mmoja tu katika filamu kuwa na uzito wa ushahidi: ule mluzi.

Ni kipande cha Edvard Grieg, Mnorwei, kutoka muziki aliouandikia tamthilia ya Peer Gynt, sehemu ya ukumbi wa mfalme wa mlimani. Muziki wa ngoma ya mazimwi. Mwigizaji wa muuaji, Peter Lorre, hakuweza kupiga mluzi, na Lang alisema anayesikika ni yeye mwenyewe. Fikiria sasa: kama filamu ingekuwa na violini chini ya kila sini, mluzi ule ungekuwa sauti moja katikati ya nyingi. Kwa kuwa hakuna muziki mwingine unaoufunika, kila ukisikia noti zile mbili tatu za mwanzo tumbo linakukaza hata kabla kamera haijamfikia mtu.

Na kwa kuwa umeitaja hali ya kimya, hiyo The Blue Angel nayo ina sini ndogo inayofanana na falsafa ya M. Mwalimu anaamka, anaketi kunywa chai yake, anampigia mluzi ndege wake kizimbani kama desturi. Ndege haitikii. Anarudia. Anakwenda kutazama, amekufa. Sternberg hakuhitaji neno. Filamu hiyohiyo ina mchezo wa mlango wa chumba cha kuvalia: ukifunguka, kelele za ukumbi zinamwagika ndani, ukifungwa, zinakatika. Leo tunaona ni kawaida, lakini wakati ule waongozaji wengi walikuwa wanahangaika tu maneno yasikike.

mkata picha

Shikamoo kwa wakubwa, salamu kwa wote. Mimi nafanya uhariri wa filamu hapa Dar, na M niliiangalia kwa kuisimamisha kila shoti. Naomba niongezee upande wa ukataji, kwa sababu pale kwenye mikutano miwili ndipo nilipovua kofia.

Hali ni hii: mauaji yanaendelea, polisi wanavamia vilabu na madanguro kila usiku, na wahalifu wa mji wanakosa riziki. Wakubwa wao wanakutana chini ya uongozi wa yule anayeitwa Schränker, jamaa wa glovu nyeusi, ameigizwa na Gustaf Gründgens. Saa hiyohiyo wakubwa wa polisi nao wanakutana. Mada ni moja: tumkamateje? Lang hakutupa mkutano mmoja kisha mwingine. Schränker anaanza sentensi na kunyoosha mkono, picha inakatika, na mkuu wa polisi anamalizia mkono na sentensi. Vyumba vyote viwili vimejaa moshi, wote wanazunguka wanafikiri. Baada ya dakika kadhaa inabidi ujiulize huyu anayesema sasa ni wa upande gani.

Kwa uhariri wa filamu bubu ungeweza kupishanisha vyumba viwili, ndiyo. Ila usingeweza kuifanya sentensi moja isemwe na maadui wawili. Hilo ni la sauti peke yake.

Niseme na la kwetu. Kazi nyingi ninazoletewa zinakuja na maelekezo ya kuweka kinanda mwanzo mwisho: mtu analia kinanda, mtu anafungua geti kinanda. Nimekuwa nikiwaonyesha waongozaji vijana ile sini ya Elsie na kuwaomba tujaribu sini moja tu bila muziki. Wanaokubali hawarudi nyuma.

Mtaa wa Pili

Mkata picha, umenirahisishia. Naunganisha na sehemu ya pili.

Sentensi inayoanzia chumba kimoja na kuishia kingine ni mfano mmoja wa tabia ya filamu hii yote. Lang anaufunga mji kwa sauti. Baada ya Elsie kutoweka, picha inafifia na kinachofuata ni kelele za wauza magazeti, toleo maalumu, toleo maalumu. Watu wamerundikana mbele ya bango. Wa nyuma hawaoni, wanadai mtu awasomee. Sauti inaanza kusoma, na katikati ya usomaji tunajikuta mezani kwa wazee wanaokunywa, mmoja wao anaendelea kusoma habari ileile kwenye gazeti lake, na dakika haiishi wameshaanza kutuhumiana. Habari imetoka mtaani hadi mezani bila kukatika, na hofu imesafiri pamoja nayo.

Halafu kuna simu. Waziri anamfokea mkuu wa polisi kwamba hakuna kinachofanyika. Mkuu anajitetea, na wakati anajitetea sisi hatumwoni tena, tunaona anachokisema: alama za vidole zinakuzwa, mwandiko wa barua ya muuaji unachunguzwa, bikari inachora duara kwenye ramani kuzunguka mahali pa tukio, polisi wanapekua vichaka. Sauti ya mtu mmoja inatembea juu ya picha za kazi ya wengi, tena ni kitu kama makala ya habari katikati ya drama. Leo kila filamu ya upelelezi ina sini ya namna hii. Mwaka 1931 ilikuwa ni kutegua kitendawili: utaelezaje taratibu ndefu za polisi bila kumchosha mtazamaji kwa kadi za maandishi, na bila kumketisha mtu mbele ya kamera ahutubie? Uzuri ni kwamba maelezo yametolewa na mtu aliyebanwa, anayetetea kazi yake. Ndiyo maana hayachoshi. Waandishi wa muswada mliopo humu, hapo kuna somo: maelezo yape sababu ya kusemwa.

Sasa mluzi unarudi. Muuaji, Hans Beckert, amesimama dirishani mwa duka la visu, na kwenye kioo visu vinazunguka uso wake. Anaona taswira ya mtoto. Anamfuata, mluzi unaanza, mara mama wa mtoto anatokea na mluzi unakatika. Anakimbilia kwenye mgahawa, anakunywa, na kutoka nyuma ya majani ya ukuta wa mgahawa tunasikia mluzi umeanza tena, anaziba masikio. Tazameni jambo hilo: anaziba masikio asisikie kitu kinachotoka kinywani mwake mwenyewe. Nitalirudia mbele.

Polisi wamekusanya vidole, mwandiko, ramani. Anayemtambua ni yule kipofu muuza puto. Anausikia mluzi mtaani, anakumbuka siku ya Elsie, anamwita kijana amfuate. Kijana anajichora herufi M kwa chaki kiganjani, anajifanya kateleza, anampiga nayo begani. Alama hiyo ndiyo jina la filamu, na mwanzo wake ni sikio la mtu asiyeona.

Beckert anajificha kwenye jengo la ofisi, anafungiwa darini. Anajaribu kufungua kitasa kwa kisu, kisu kinavunjika, anageukia msumari na kuanza kuugonga. Wahalifu wanaomsaka kule chini wamekwisha kukata tamaa wanaposikia kitu kinagongwa: ko, ko, ko. Anakamatwa kwa sauti tena. Mluzi ulimtaja, msumari umemchoma.

Kwa hiyo nikisema kesi inapelelezwa kwa masikio sikusudii pambo la maneno. Toa sauti kwenye filamu hii, hadithi yenyewe haiwezi kwenda mbele. Ndicho kipimo ninachokitumia kuzipima drama zote za miaka ile: je, sauti ikiondolewa, tukio linabaki? Nyingi zinabaki vilevile, zinahitaji kadi tu.

Kombo wa Ng'ambo

Assalamu alaykum. Mtaa wa Pili, nimekusoma kwa makini na hoja yako naikubali kwa M. Lakini kipimo hicho kiongezewe upande wa pili. Miezi miwili kabla ya M, tarehe 14 Machi 1931, Bombay walionyesha Alam Ara ya Ardeshir Irani, filamu ya kwanza ya maongezi ya India. Ilikuwa na nyimbo saba. Studio ilikuwa karibu na reli, kwa hiyo walirekodi usiku wa manane treni zikipungua. Wao hawakuona sauti kama ushahidi, waliona mlango wa wimbo umefunguka, na wimbo ukawa ndio usimulizi wenyewe: mapenzi yanakiriwa katika wimbo, kuagana ni wimbo. Sisi watu wa Unguja wazee wetu walijazana kwenye majumba ya sinema kwa filamu za Kihindi miaka nenda miaka rudi, na waliotoka ukumbini walitoka na nyimbo. Kwa hiyo ukimya wa Lang ni njia mojawapo, lakini isije ikaonekana kwamba wenye muziki walikuwa hawajui kusimulia.

Na jengine nakuuliza. Kabla ya sauti, kwenye nchi ambazo wengi hawasomi zile kadi, hadithi ilifikaje?

Mtaa wa Pili

Waalaykumu ssalaam, Kombo. Nakubaliana nawe moja kwa moja. Wimbo wa Alam Ara ukiuondoa, hadithi inabomoka, kwa hiyo nayo inafaulu kipimo kilekile. Inauma kwamba hakuna nakala yake inayojulikana kubaki. Tunaijua kwa picha mnato na masimulizi. Ninaopingana nao ni wale wanaomwaga muziki juu ya sini ambayo haikuuomba, kama alivyosema mkata picha.

Kuhusu kadi: sehemu nyingi palikuwa na msimulizi ukumbini. Japani ndiko fani hiyo ilikokua kuliko pengine. Msimulizi, benshi, alisimama kando ya skrini, akaigiza sauti za wote, akaeleza hali, akatoa na maoni yake. Majina yao yalivuta watu kuliko majina ya waigizaji. Sauti ilipokuja iliwaondolea kazi, na hawakukubali kirahisi, waligoma. Kaka yake Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa benshi. Alijiua mwaka 1933. Yasujiro Ozu alichelewa hadi 1936 kutoa filamu yake ya kwanza ya maongezi.

Sisi Afrika Mashariki fani hiyo tuliifufua wenyewe kwenye mabanda ya video: Lufufu hapa Tanzania, DJ Afro Kenya, na wale wa Uganda. Aliyekua akimsikiliza Lufufu anajua kwamba msimulizi hatafsiri tu. Anaamua nani ni jasiri, anatangulia tukio, anampa jina mtu asiye na jina. Hiyo nayo ni historia ya sauti katika sinema, na inastahili uzi wake kamili.

Kisauni Yetu

Salaam kutoka Mombasa. Mimi naiheshimu hii filamu lakini mwisho wake unanisumbua, na naona mwaupita kwa haraka. Wahalifu wamemleta Beckert kwenye kiwanda kibovu cha pombe, wamemwekea mahakama yao, halafu Lorre apewa hotuba ndefu ya kujitetea mpaka wewe mtazamaji wamwonea huruma. Muuaji wa watoto! Na hapo pana maneno tu, mtu asema na asema. Si ndiyo hiyo hotuba ya jukwaani mliyosema Lang aliikwepa?

Mtaa wa Pili

Kisauni, hapa ndipo pagumu na nashukuru umepagusa.

Kwanza tazama jinsi sini inavyoingia. Beckert anasukumwa chini ngazi akipiga kelele, anadai polisi, anadai mnanifanyia nini. Anageuka, anakatika sauti. Kamera inapita polepole juu ya nyuso za watu waliomjaa mbele yake, pengine mamia, wezi, makahaba, ombaomba, na hakuna anayesema neno. Kimya hicho ni kirefu mno kwa filamu ya 1931. Kisha mkono unamshika bega kutoka nyuma: ni yule kipofu, ameleta puto kama lile la Elsie.

Kuhusu hotuba. Kwa zaidi ya saa moja mtu huyu hajawa na sauti yake. Amekuwa mluzi, kivuli, barua gazetini, alama ya chaki mgongoni. Kila mtu amemzungumzia. Lang amemnyima maneno kwa makusudi, ndiyo maana anapoyapata yanakuja kama bwawa lililopasuka. Na anasema nini? Anasema anatembea mitaani na kila mara anahisi yuko mtu nyuma yake, na mtu huyo ni yeye mwenyewe, anamfuata bila kutoa sauti, lakini anamsikia. Rudi sasa pale mgahawani alipoziba masikio. Hotuba hii imeandaliwa tangu pale. Maneno ya jukwaani yangejieleza yenyewe. Haya yanakaa juu ya kila tulichokisikia tangu wimbo wa watoto.

Lorre alikuwa na miaka 26 tu. Uso wake wa duara kama wa mtoto unafanya kazi nusu, na sauti yake, inayopanda hadi kufikia kilio, inafanya nusu nyingine. Usiku ule anasema hataki lakini lazima, na wale wanaomhukumu wanaua kwa hiari. Schränker mwenyewe anatafutwa kwa mauaji. Huruma unayoisema, mimi naiona ni swali Lang analotuuliza: umati huu ukimrarua, utakuwa umefanya haki? Ujerumani ya 1931, yenye umati mitaani unaotafuta wa kumlaumu, swali hilo halikuwa la nadharia. Miaka miwili baadaye Wanazi walishika nchi. Lang na Lorre wote wawili waliondoka. Lorre alikuwa Myahudi, na mwaka 1940 watu wa propaganda walikikata kipande cha hotuba hii na kukitia kwenye filamu yao ya chuki dhidi ya Wayahudi, wakijifanya Beckert na mwigizaji wake ni mtu mmoja. Ukiondoa hotuba ile kutoka kwa filamu iliyoijenga, inaweza kugeuzwa kuwa chochote. Hilo peke yake linaonyesha kwamba nguvu yake ilikuwa kwenye mpangilio.

mkata picha

Niongeze kidogo hapo. Lang anapokata wakati wa hotuba, anakwenda kwa wasikilizaji. Kuna mwanamke analia, kuna wanaume wanaotikisa kichwa kama wanaokubali wasichotaka kukubali. Hukumu inabadilika kwenye nyuso zao wakati sauti ya Beckert inaendelea nje ya picha. Ukibaki na Lorre tu muda wote, unapata hotuba nzuri. Ukienda kwa wanaosikia, unapata drama.

Kisauni Yetu

Sawa, nimekuelewa nyote wawili, na kile kipande cha mgahawani sikuwa nimekiunganisha. Nimerudi usiku huu nimekitazama upya na ni kweli. Lakini huruma yangu yabaki kwa Mama Beckmann, nyinyi mmemsahau.

Mtaa wa Pili

Lang hakumsahau. Polisi wanaingia, wote wananyanyua mikono, mkono unamshika Beckert kwa jina la sheria. Kisha tunaona majaji wa kweli wanaketi, na hukumu yenyewe hatusomewi. Picha inakatwa kwa kina mama watatu wamevaa nyeusi. Mama Beckmann anasema haya hayatawarudisha watoto wetu, na kwamba inabidi kuwaangalia zaidi watoto. Maneno ya mwisho yanasemwa skrini ikiwa imeshakuwa nyeusi.

Wapo wanaosema ni nasaha iliyobandikwa. Mimi sioni hivyo, kwa sababu filamu imemwondolea jaji neno la mwisho ikampa mfua nguo. Tungeweza kubishana kama alipaswa kusema zaidi. Mimi ningependa angesema kidogo zaidi, na hasa ningependa tungemwona mara moja katikati ya filamu, kwa sababu baada ya ile miito kwenye ngazi anatoweka karibu hadithi nzima, na hilo nalihesabu kama pengo.

Nyanza Juu, ulikuwa unauliza faragha uanzie wapi baada ya hii. Tafuta La Chienne ya Jean Renoir, Ufaransa, 1931 hiyohiyo. Renoir alirekodi sauti mtaani palepale. Kuna mauaji ndani ya chumba cha juu wakati chini mwimbaji wa mtaani amekusanya watu, na wimbo hausimami hata kidogo. Kamera inatoka kwa wasikilizaji, inapanda hadi dirishani, jambo limeshatendeka. Itazame, halafu njoo hapa utuambie wewe ungekata wapi.